Injini ikibanana na fayawoli: chombo kinalalamika vipi, na uanzie wapi

Bodi ya Ford Anglia yangu, gari dogo la zamani, niliikuta Mikindani, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Injini ni 4A-FE ya Corolla, silinda nne, sisi (cc) 1587, niliyoichagua kwenye lundo la injini za Japani zinazoshushwa bandari ya Kilindini, Mombasa. Nilitaka hotirodi yangu mwenyewe, kwa mtindo walioanza nao vijana wa California kabla ya Vita vya Pili: chukua gari kuukuu jepesi, ulipe injini yenye nguvu kuliko alivyokusudia aliyeliunda. Kuipata injini ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kilichonila miezi ni sentimita mbili za nafasi kati ya injini na fayawoli, lile bati linalotenga injini na miguu ya dereva.

Pua ya Anglia ni fupi. Ukitaka rejeta na feni vienee, na uzito usilalie wote magurudumu ya mbele, huna budi kuirudisha injini nyuma. Na 4A-FE haikuumbwa kwa ajili hiyo. Kwenye Corolla inalala kwa upana wa gari, upande wa flaiwili (gurudumu zito linalokaa kati ya injini na klachi) unatazama kushoto kwenye nafasi tele, ndiyo maana Toyota waliweka distribyuta, inayogawa moto kwa plagi, na mkono wa kutokea maji upande huohuo. Igeuze ilale kwa urefu, na vitu hivyo viwili vinakwenda kugusana pua na fayawoli.

Kosa langu lilikuwa la siku ya kwanza kabisa. Nilipima kwa bloku tupu. Nikachomea mikono ya maunti (mipira inayobeba injini), nikafurahi, kisha nikafunga hedi, yaani kichwa cha injini, na distribyuta ndipo nikaona nimebakiwa na milimita 14. Nikasema, haigusi, basi. Ukitaka kupima, pima na mzoga uliokamilika: bloku, hedi, distribyuta na kofia yake, waya za plagi, stata, manifoldi, paipu za maji. Ndani pawe patupu, hakuna neno, ili iwe nyepesi kubeba. Nje pasipungue kitu.

Yanayofuata ni malalamiko niliyoyasikia kwenye chombo changu na vya wenzangu. Mengi yanafika gereji yakiwa yamevaa nguo za umeme, mafuta au maji, na fundi anaanza kubadilisha vipuri. Ukivua nguo hizo unakuta ni nafasi tu.

Inawaka safi, lakini ikipewa mzigo inamisi

Hili ndilo lililonitesa, kwa hivyo nitakaa nalo.

Ikiwa imesimama inanguruma vizuri. Barabara tambarare ya Nyali, vizuri. Ikianza kupanda Mazeras kwa gia ya tatu, inakohoa na kukosa silinda moja. Ukiachia mafuta inapona. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha waya, nikabadilisha koili. Kijana anayejifunza kazi kwangu akainama na tochi akaniambia, “Ami, hapa kwenye bati rangi imetoka.” Palikuwa na mkwaruzo unaong'aa, mdogo kama ukucha, mkabala kabisa na kofia ya distribyuta.

Injini haikai mahali ulipoipima. Imekalia mpira. Krenki ikizungusha magurudumu, bloku nayo inajipinda kinyume chake. Kwa injini ya kawaida iliyolala kwa urefu, ukiwa kwenye kiti cha dereva, kichwa cha injini hulalia kulia unapokanyaga mafuta na ubavu wa kushoto huinuka. Ukirudi nyuma kwa gia ya rivasi, mambo hugeuka. Na hapa kuna jambo ambalo picha za magari ya Marekani hazitakwambia: wao usukani uko kushoto, upande unaoinuka. Sisi usukani uko kulia, kwa hivyo kichwa cha injini kinalalia palepale penye shafti ya usukani na masta silinda ya breki. Nafasi uliyoona kwenye picha yao si nafasi yako.

Basi kofia ilikuwa inagonga bati kila mlima. Kofia ya plastiki ikigongwa hupata ufa mwembamba kama unywele, na moto wa volti 20,000 na zaidi hauhitaji mlango mpana. Unapita kwenye ufa, unaingia kwenye bati, na plagi inabaki mikono mitupu. Asubuhi yenye unyevu wa bahari inakuwa mbaya zaidi.

Kupima hakutaki chombo cha bei. Chukua donge la unga wa ngano uliokandwa, ukubwa wa ndimu, lifungie kwenye karatasi iliyopakwa grisi (mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tangu 2017), ulibandike kwenye fayawoli mkabala na kofia. Chukua unga wa chapati. Mimi mara ya kwanza niliomba kwa mama anayeuza mahamri jirani na gereji, na unga wa mahamri una hamira: ukapata joto la injini, ukaumuka, na kipimo kikawa cha uongo. Mama mwenyewe ndiye aliyenicheka na kunieleza.

Donge likishakaa, weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu, vuta breki ya mkono, mwenzio akanyage breki ya mguu, na asiwepo mtu mbele wala nyuma ya gari. Washa, tia gia ya pili, achia klachi taratibu mpaka ianze kushika, kanyaga mafuta sekunde moja, kata. Rudia kwa rivasi. Zima, toa donge, likate kwa wembe na upime pale penye wembamba zaidi. Langu lilikuwa na milimita 2. Nafasi ya kusimama 14, nafasi ya kazi 2, na hiyo bila ya tuta wala shimo. Kwenye matuta ya Bombolulu hizo 2 huwa hazipo.

Anza na maunti kabla ya kugusa bati. Mpira uliolowa oili hulainika na kuvimba, unaonekana mzima lakini umekuwa kama ulimi. Ingiza gogo chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na jeki uinue taratibu: mpira ukiachana na chuma chake, umekufa. Maunti mpya peke yake zilinirudishia milimita 5. Usikimbilie kufunga injini chuma kwa chuma ili isicheze. Nimeona chesisi iliyopasuka kwenye welding ndani ya miezi michache kwa ajili hiyo, na dereva wake alikuwa akishuka garini mikono ingali inatetemeka. Afadhali maunti ya mpira na mkono mwembamba wa kuzuia upande wa kushoto, kwa kuwa ndio unaoinuka.

Kisha amua: kukata fayawoli au kuisogeza injini mbele? Mafundi wengi watakwambia sogeza, kwa sababu kukata kunatisha. Mimi ni wa kukata. Ukisogeza mbele unahamishia ugomvi kwenye feni na rejeta, na katika joto la Mombasa rejeta si mahali pa kubania. Nilichomea mfuko wa bati la milimita 1.5 ndani ya fayawoli, upana wa sentimita 16 na kina cha 4, karibu na katikati ambapo hapana mguu wa mtu. Tazama kwanza upande wa pili kuna nini: mota ya waipa, waya, paipu za breki. Toa betri, toa paipu za petroli, weka ndoo ya mchanga karibu. Kona za mfuko zikunje mviringo. Kona kali hupasuka kwa mtetemo. Mshono uzibe kwa silanti pande zote mbili, la sivyo hewa ya chumvi itaula kabla rangi haijazeeka.

Kwa wastani wangu, naacha milimita 25 ikiwa imesimama na nisikubali donge linalopungua 10.

Miguu inaungua

Joto lenyewe si ajabu. Manifoldi ya egzosi ikifanyishwa kazi inapita digrii 500, na sasa umeileta karibu na viatu vyako. Swali la kwanza lakini si la joto, ni la hewa: je, unasikia harufu? Usiku, weka tochi yenye mwanga mkali ndani ya boneti, funga, kaa ndani ya gari gizani. Kila nukta ya mwanga ni tundu, na moshi wa egzosi una gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kumlaza mtu moja kwa moja. Ziba matundu yote kabla hujazungumza habari ya starehe. Waya zinapopita, tia pete za mpira. Bati tupu litakata waya.

Baada ya hapo weka ngao. Bati la aluminiamu lililofungwa juu ya spesa, likiacha nafasi ya hewa ya milimita 10 hadi 15 kati yake na fayawoli, hufanya kazi kuliko bati nene lililobandikwa. Ile nafasi ya hewa ndiyo ngao yenyewe. Ndani, chini ya zulia, tumia kitambaa maalumu kisichoshika moto. Nimefungua gari la mtu nikakuta kipande cha godoro kuukuu, na jingine makumbi ya nazi. Mwenye makumbi alinieleza kwa fahari kuwa ni ya bure. Moto nao hautozi.

Ukizima kwenye foleni ya feri, haiwaki tena

Likoni ndiyo mtihani wangu. Umetoka safari, unazima kwenye foleni, boneti imefungwa, hewa haipiti. Joto lote lililokuwa likipeperushwa linapanda juu na kukaa hapo nyuma, kwenye kile kichochoro kati ya injini na fayawoli. Dakika kumi baadaye foleni inasogea, wewe umebaki unapigiwa honi.

Sikiliza ufunguo. Stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, tuhumu petroli. Sehemu yake nyepesi huanza kuchemka kwenye digrii 35 hadi 40 hivi, na paipu iliyopita nyuma ya injini hufika huko bila kutoa jasho. Injini za kabureta ndizo zinazoumia zaidi. Za injeksheni zina mgandamizo kwenye paipu, hukawia kupatwa. Ihamishe paipu ipite mbali na egzosi, na chini ya kabureta weka kizuizi cha bakelaiti chenye unene wa milimita 10 au karibu na hapo, ukihakikisha boneti bado itafunga.

Stata ikilia “ta!” mara moja na kunyamaza, petroli haina kosa. Egzosi imelibanika solenoidi, swichi ya stata. Kwenye injini iliyorudishwa nyuma, paipu ya egzosi hulazimika kukunjwa ghafla ili ikwepe fayawoli, na mara nyingi inakunjwa kuipigia stata magoti. Weka ngao, ongeza unene wa kebo ya betri, na usome habari ya athi (waya wa kurudisha umeme kwenye betri) hapo chini, kwenye kebo ya mafuta, kabla hujanunua stata nyingine.

Pedali ya breki inalainika, kisha inajirudi yenyewe

Hapa sina mzaha. Tofautisha mambo mawili. Pedali inayozama polepole ukiikanyaga na kuishikilia, hata gari likiwa baridi asubuhi, ni masta silinda iliyochoka. Pedali inayokuwa nzuri asubuhi, ikalainika baada ya mwendo wa joto, na ikapona gari likipoa, ni maji ya breki yanayochemka.

Maji ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka digrii 205, DOT 4 mpaka 230. Lakini yanavuta unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ni ya kufutia uso. Yakishalowa, viwango vya chini vinavyokubalika hushuka hadi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Paipu ya breki iliyopita vidole vitatu kutoka kwenye manifoldi inafika huko wakati wa kuteremka kutoka Mazeras kurudi Miritini. Hamisha paipu kwanza, ngao baadaye, maji mapya ya DOT 4 mwisho. Ukianza na maji mapya utapona mwezi mmoja tu, na utadhani umemaliza.

Inagonga “gu!” unapoachia klachi

Giaboksi inagusa handaki la sakafu, lile tao la bati lililo juu yake. Paka chaki juu ya nyumba ya klachi na juu ya giaboksi, zunguka mtaa mara moja, ingia chini ya gari utazame chaki imehamia wapi. Gonga bati kwa nyundo hapo. Ikiwa hakuna chaki iliyohama, tazama maunti ya giaboksi.

Mtetemo unaokuja kwenye kilomita 80

Kanyaga klachi ukiwa kwenye mwendo huo, uache gari liteleze. Mtetemo ukibaki palepale ilhali mlio wa injini umeshuka, ni propela, ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Ukipotea, rudi kwenye maunti.

Chanzo chake cha kawaida kwenye kazi hii ni ujanja: fundi ameona distribyuta inagusa, akainua mkia wa giaboksi ili kichwa cha injini kije mbele kidogo. Nafasi imepatikana, pembe imeharibika. Injini nyingi hulala nyuzi 3 hivi kurudi nyuma, na pua ya difu (kwenye ekseli ya nyuma) inatakiwa iinuke kwa kiasi hichohicho, ili ncha mbili za propela zibaki sambamba. Kila krosi, kiungo cha ncha ya propela, nayo inapenda kufanya kazi kwenye nyuzi 1 hadi 3. Simu yako ina kipimo cha pembe. Iweke juu ya giaboksi, kisha juu ya propela, kisha kwenye difu, gari likiwa limekanyaga ardhi kwa magurudumu yote. Likiwa juu ya jeki, difu inaning'inia na kila utakachosoma ni porojo.

Kebo ya mafuta inakwama, au inapata moto

Kukwama peke yake ni kebo iliyokunjwa mno kwa sababu injini imeisogelea. Ipe mkunjo mpana, na jaribu kukanyaga huku mwenzio akiisukuma injini kwa mkono kushoto na kulia.

Kupata moto ni habari nyingine. Injini imekaa juu ya mpira, na mpira haupitishi umeme. Kama ulisahau waya wa athi kutoka kwenye bloku hadi kwenye chesisi, stata itatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na njia iliyobaki ni kebo ya mafuta au ya klachi. Niliona kebo moja ikifuka moshi kila gari lilipowashwa. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha mbili. Waya wa athi uwe mnene kama wa betri, rangi ikwanguliwe mpaka chuma kionekane, kisha upake grisi kwa ajili ya chumvi. Uache ulegee kidogo, injini ipate kucheza.

Haina dalili barabarani, dalili yake ni gereji

Funga injini yote, kisha jifanye kila kitu kimeharibika siku moja. Distribyuta inatoka bila kuteremsha injini? Boliti za juu za nyumba ya klachi zinafikiwa na spana, au zinaonekana tu kama mwezi? Kava ya valvu inanyanyuka? Mimi nilikata dirisha dogo kwenye handaki, ndani ya gari, nikalifunika kwa bati la skrubu sita na gasketi. Kutoka hapo boliti mbili za juu zinafunguka kwa soketi na ekstensheni ndefu, mtu amekaa kwenye kiti.

Kilichobaki ni ule mkono wa maji wa nyuma. Watu wengi huku hujaza rejeta kwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi vya kisiwani na Kisauni vina chumvi. Aluminiamu ya hedi haipendi hata kidogo. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa (distilled), na usifunge hosi kuukuu mahali ambapo jicho halifiki. Yangu ilipasuka foleni ya Kibarani, saa saba mchana, na sikuona tone hata moja chini kwa sababu maji yote yalimwagikia kwenye giaboksi ikiwa ya moto na kugeuka mvuke. Sindano ya joto ilishuka badala ya kupanda, kwani sensa ilikuwa imebaki hewani bila maji. Nilipofungua boneti nilikuta mfuko wangu mpya wa fayawoli umejaa matone, na hosi ina ufa upande wa nyuma, ule unaotazamana na bati. Sasa kioo kidogo cha kunyolea ndevu kinakaa kwenye boksi la spana. Kila Jumamosi nakipenyeza pale nyuma na tochi.